Watu Weusi wa Massachusetts katika Vita vya Uhuru wa Marekani

Katika makoloni 13 ya Waingereza yaliyopangana juu ya pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini, Massachusetts ilikuwa miongoni mwa yaliyotangulia kupaza sauti ya uhuru, na ndiyo hiyo hiyo iliyotangulia, katika mwaka 1641, kuupa utumwa nafasi katika sheria iliyoandikwa. Mambo haya mawili yalikaa nyumba moja kwa muda wa zaidi ya karne bila ya kugombana, kwa kuwa aliyenena habari za uhuru alikuwa bwana mezani, na aliyesikiliza alikuwa mtumwa aliyesimama nyuma ya kiti chake na sahani mkononi. Vita vilivyoanza mwaka 1775 na kwisha mwaka 1783 ndivyo vilivyoyagombanisha. Vitabu vya vita hivyo vimejaa sifa za majemadari na mabaraza. Lakini habari za watu weusi wa miji midogo ya jimbo hilo, waliobeba bunduki kwa ajili ya uhuru ambao wengi wao hawakuwa nao, zastahili kusimuliwa kwa taratibu, maana ndani yake mna funzo juu ya thamani ya utumishi wa mtu ambaye dola haimhesabu.

Utumwa wa miji hiyo haukufanana na ule wa mashamba makubwa ya tumbaku na mpunga ya Virginia na Carolina. Ardhi ya Massachusetts ina mawe mengi na baridi yake ni kali, na mwenyeji mwenye uwezo aghalabu hakumiliki zaidi ya mtumwa mmoja au wawili, ambao waliishi naye chini ya paa moja, wakilala darini au jikoni, na kufanya kila kazi iliyotokea: kulima, kupasua kuni, kukama ng'ombe, kusokota kitani, kushona viatu, kufunga mapipa na kupakia shehena bandarini. Jumapili walikwenda kanisani pamoja na mabwana zao, ila waliketishwa roshanini, mbali na wengine. Watu weusi wote wa jimbo, watumwa kwa walio huru, walikuwa wapata 5,000, hawafiki wawili katika kila watu mia, na uchache huo ulikuwa na adha yake mahsusi, kwani mara nyingi mume alikuwa mali ya nyumba moja na mke mali ya nyumba nyingine, na mtoto wao aliweza kutolewa kwa jirani angali mdogo, kama atolewavyo mwana wa paka.

Hata hivyo sheria ya Massachusetts iliwaachia watumwa mwanya mmoja ambao watumwa wa kusini hawakuupata: waliweza kujiwekea fedha, kutoa ushahidi kortini, kumshitaki mtu, na kupeleka maombi mbele ya Baraza la Kutunga Sheria. Wengi waliutumia mwanya huo kwa subira kubwa. Salem Poor wa mji wa Andover alijikomboa mwaka 1769 kwa paundi 27, kiasi ambacho kibarua hakukipata kwa kazi ya miezi michache. Barzillai Lew, fundi wa mapipa na mpiga filimbi hodari aliyezaliwa huru katika mji wa Groton, alimkomboa mpenzi wake, Dinah Bowman, kwa fedha yake mwenyewe ndipo akamwoa. Basi kabla ya risasi ya kwanza kulia, walikuwako watu weusi waliojua bei ya uhuru kwa hesabu kamili, na waliokwisha kuilipa.

Ghadhabu ya makoloni juu ya kodi za Waingereza ilipopanda, watu hao walikuwa ndani yake tangu mwanzo. Jioni ya tarehe 5 Machi 1770, askari wa mfalme walipoupiga risasi umati wa watu katika barabara ya Boston na kuua watu 5, miongoni mwa walioanguka kwanza alikuwa Crispus Attucks, baharia mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa kwanza wa nchi ile, ambaye aaminiwa kuwa ndiye mtumwa aliyetoroka Framingham miaka 20 nyuma. Mwaka 1773, mabaraza ya miji yalipokuwa yakiandika maazimio juu ya haki za binadamu, watumwa wa Boston na vitongoji vyake walianza kuandika maombi yao wenyewe, wakilieleza Baraza kwamba wao hawana mali, wala hawana hakika ya wake zao na watoto wao, na kwamba watu wanaoshindana kwa ushujaa na wale watakao kuwatia utumwani wapaswa kulitazama jambo hili kwa insafu. Maombi yalipokewa, yakasomwa, yakawekwa kando. Yakaletwa mengine mwaka 1774, nayo yakapata jibu lile lile.

Alfajiri ya tarehe 19 Aprili 1775 wapata askari 700 wa Kiingereza walitoka Boston kwenda Concord kutwaa silaha zilizofichwa huko, na njiani, katika uwanja wa mji wa Lexington, walikutana na mgambo wapatao 77 wa Kapteni John Parker. Katika safu ile ya wakulima na mafundi alisimama Prince Estabrook, mtumwa wa Benjamin Estabrook, na moshi wa baruti ulipotoweka, wenzake 8 walikuwa wamekufa na yeye ana jeraha la risasi katika bega la kushoto. Tufikiri kidogo juu ya bega hilo. Lilikuwa mali ya mtu mwingine kwa mujibu wa sheria, na kama risasi ingalishuka kidogo, hasara ingaliandikwa katika daftari la Benjamin Estabrook. Wala damu iliyomwagika haikubadili hati yake, kwani jioni ile alirudi mtumwa kama alivyotoka. Alipopona alirejea jeshini tena na tena, na uhuru wake akaupata vita vilipokuwa vyaelekea mwisho.

Siku hiyo hiyo alitoka Framingham Peter Salem, kijana wa miaka ishirini na ushei, ambaye bwana wake, Lawson Buckminster, alimwandika huru ili apate kuingia katika jeshi. Tarehe 17 Juni alikuwa katika boma la udongo lililochimbwa usiku mmoja juu ya kilima cha Charlestown, katika vita vinavyojulikana kwa jina la Bunker Hill. Waingereza walipanda kilima mara tatu. Mara mbili walirudishwa, na mara ya tatu walilitwaa boma kwa sababu waliolilinda walikuwa wameishiwa na baruti. Lakini ushindi huo uliwagharimu zaidi ya watu 1,000 waliouawa na kujeruhiwa. Hadithi za wazee zasema kuwa risasi iliyomwua Meja John Pitcairn, yule aliyewaongoza Waingereza Lexington, ilitoka katika bunduki ya Peter Salem. Wengine waliokuwapo walidai heshima hiyo kwa watu wengine, nasi hatuna haja ya kukata shauri hilo, maana kuwapo kwake bomani ni sifa ya kutosha. Barzillai Lew naye alikuwako, na Cato Howe wa Plymouth, na makumi ya watu weusi na wenyeji wa asili waliosimama bega kwa bega na majirani zao weupe.

Lakini sifa iliyo bayana kuliko zote ni ya Salem Poor. Tarehe 5 Desemba mwaka ule maofisa 14, akiwamo Kanali William Prescott aliyeamrisha ndani ya boma, walitia sahihi waraka kwa Baraza la Massachusetts, wakashuhudia kwamba mtu mweusi huyu alipigana kama ofisa mzoefu na askari bora, na kwamba kuieleza kila hali ya mwenendo wake kungechosha wasomaji. Zawadi yake wakaliachia Baraza. Hakuna askari mwingine wa kilima kile aliyeandikiwa ushuhuda wa namna hiyo. Waraka umehifadhiwa mpaka leo. Kumbukumbu ya zawadi haipo.

Wakati maofisa hao walipokuwa wakiandika, jeshi lenyewe lilikuwa limekwisha kufunga mlango. Jemadari George Washington, aliyefika Cambridge mwezi wa Julai kushika uongozi, alikuwa bwana wa watumwa zaidi ya mia kwake Virginia, na macho yake hayakuzoea kuona mtu mweusi mwenye bunduki. Majemadari walishauriana katika mwezi wa Oktoba, na mwezi wa Novemba ikatoka amri kwamba watu weusi wasiandikishwe tena. Tarehe 7 ya mwezi huo wa Novemba, mbali kusini, Lord Dunmore, gavana wa mfalme katika Virginia, alitangaza kwamba kila mtumwa wa waasi atakayekimbilia kwake na kubeba silaha atakuwa huru, na mamia wakamwendea. Hapo ndipo Washington alipopiga hesabu upya. Tarehe 30 Desemba aliruhusu watu weusi walio huru waandikwe, na katika Januari 1776 Kongresi ikaikubali ruhusa hiyo kwa wale tu waliokwisha kutumika. Miaka ilivyosonga, na baridi, njaa na ndui vilivyozidi kulipunguza jeshi, na miji ilivyoshindwa kutimiza idadi ya askari iliyotakiwa, mlango ulizidi kufunguka: Rhode Island iliamua katika Februari 1778 kuwanunua watumwa kutoka kwa mabwana wao na kuwafanya kikosi chini ya Kanali Christopher Greene, na Massachusetts iliwaandika katika vikosi vyake bila ya kuwatenga. Inakadiriwa kuwa watu weusi wapatao 5,000 walitumika upande wa Wamarekani mpaka mwisho wa vita, na wengi wao walikaa muda mrefu kuliko weupe, kwa kuwa hawakuwa na shamba lililowangoja.

Maisha ya askari huyo twaweza kuyatazama kwa karibu katika habari za Agrippa Hull wa mji wa Stockbridge. Alizaliwa huru mwaka 1759, akajiandikisha mwaka 1777 kwa muda wote wa vita, akakaa miaka 6 na ushei, kwanza akimtumikia Jemadari Paterson, kisha, kwa zaidi ya miaka 4, mhandisi wa Kipolandi Tadeusz Kosciuszko, aliyejenga ngome za West Point. Yasimuliwa kuwa siku moja Kosciuszko alisafiri, na Hull, akidhani bwana hatarudi upesi, alivaa sare yake rasmi, akawaalika rafiki zake weusi wa kambini, akakaa kitini akikaribisha wageni kwa vinywaji kama jemadari. Kosciuszko akatokea ghafula. Hakumpiga wala hakumkemea. Alimshika mkono, akamtembeza hema baada ya hema akimtambulisha kwa maofisa kuwa ni mwana wa mfalme kutoka Afrika, mpaka Hull mwenyewe akachoka na ufalme. Lakini mtu huyo mcheshi alikuwa na kumbukumbu nyingine pia, ya vita vya Eutaw Springs mwaka 1781, alipowashika majeruhi wakati matabibu walipowakata miguu na mikono, na picha ile haikumtoka mpaka uzeeni. Mwezi wa Julai 1783 alipewa hati ya kuachishwa jeshi yenye sahihi ya Washington. Miaka mingi baadaye, alipotakiwa kuipeleka serikalini ili apate pensheni, alisita. Heri aikose fedha kuliko kuipoteza karatasi ile.

Wakati wanaume walipokuwa vitani, miji nayo ilikuwa na vita vyake. Tarehe 13 Januari 1777 Prince Hall wa Boston, kiongozi wa watu weusi walio huru, na wenziwe walipeleka maombi mapya, wakistaajabu kuwa haikufikiriwa kamwe kwamba kila msingi ambao Wamarekani walisimamia dhidi ya Uingereza uliwatetea watumwa wao kwa nguvu kuliko hoja elfu. Baraza lilijadili, likaona aibu, likaahirisha. Kazi ambayo baraza liliiogopa ilifanywa na mjakazi mmoja asiyejua kusoma.

Jina lake wakati huo lilikuwa Bett, na bwana wake Kanali John Ashley wa Sheffield, ambaye nyumbani mwake, mwaka 1773, mashuhuri wa mji waliandika maazimio kwamba watu wote kwa asili ni sawa na huru. Mkewe Ashley alikuwa mwanamke wa hasira. Siku moja alinyanyua sepeto la jikoni lililokuwa na moto ili ampige dadake Bett, naye Bett akaweka mkono wake kati, akajeruhiwa hata mfupani. Na tangu siku ile hakuufunika mkono huo mbele za wageni, ili kila aulizaye aelekezwe kwa bibi wa nyumba. Katiba mpya ya Massachusetts ilipokubaliwa mwaka 1780, ikitangaza katika kifungu chake cha kwanza kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa, Bett aliyasikia maneno hayo, akamwendea wakili Theodore Sedgwick, akamwuliza kama sheria haiwezi kumpa yeye uhuru wake. Kesi ilisikizwa Great Barrington katika Agosti 1781, akiwa pamoja na mtumwa mwenzake, Brom. Na jopo la raia walioapishwa liliamua kuwa hao wawili si mali ya Ashley, likamtoza fidia ya shilingi 30. Ashley alimsihi arudi kwa mshahara. Alikataa, akaajiriwa na Sedgwick, akajiita Elizabeth Freeman, akajinunulia nyumba na kiwanja Stockbridge, na huko akafariki mwaka 1829.

Katika miaka hiyo hiyo Quock Walker wa Barre alimtoroka Nathaniel Jennison aliyedai kuwa bwana wake. Jennison akamkamata na kumpiga, na mashitaka yaliyofuata yakafika mbele ya mahakama kuu ya jimbo. Mwaka 1783 Jaji Mkuu William Cushing aliwaambia waamuzi kwamba utumwa hauwezi kukaa pamoja na katiba ile. Jennison akatozwa faini. Hakuna sheria iliyotungwa kuuondoa utumwa Massachusetts. Ulikauka kwa hukumu hizo na kwa watumwa waliojiondokea, hata hesabu ya watu ya mwaka 1790 ikaandika kuwa hakuna mtumwa hata mmoja katika jimbo zima.

Amani ilipokuja, hisani ya dola ilipungua upesi. Mwaka 1786 Massachusetts ilikataza ndoa baina ya weupe na weusi. Mwaka 1788 ikaamuru Waafrika wasio raia waondoke jimboni. Na mwaka 1792 sheria ya Kongresi juu ya mgambo ikataja weupe peke yao, kana kwamba hapakuwa na Lexington wala Bunker Hill. Peter Salem, aliyetumika pia katika vita vya Saratoga na Stony Point, aliishi Leicester akisuka vikapu na vikalio vya viti, na alipochakaa alirudishwa Framingham, akafa katika nyumba ya maskini mwaka 1816. Mji ulimwekea jiwe la kaburi mwaka 1882. Salem Poor naye alifariki Boston mwaka 1802 katika ufukara.

Nje kidogo ya Plymouth, mahali paitwapo Parting Ways, waliishi askari wanne wa zamani, Cato Howe, Plato Turner, Prince Goodwin na Quamany, pamoja na aila zao, juu ya ardhi yapata ekari 94 ambayo mji, mwaka 1792, uliwaruhusu kuilima kwa sharti la kuifyeka katika muda wa miaka mitatu. Sheria ya mwaka 1818 iliwapa askari wahitaji dola 8 kwa mwezi, na mwaka 1820 kila mmoja alitakiwa kutaja mali yake yote kwa kiapo ili umaskini wake uthibitike. Orodha ya Cato Howe ni hii: ardhi, hana, ng'ombe mmoja, nguruwe mmoja, viti vitano, meza moja, vyungu viwili vya chuma, visu vitatu na nyuma tatu, sahani tatu, mabakuli mawili, shoka na jembe. Jumla ya thamani, dola 27. Wachimbuzi wa mambo ya kale walipopafukua mahali hapo katika miaka ya 1970 walikuta misingi ya nyumba ndogo za vipimo visivyo vya Kiingereza, na vipande vya mitungi mikubwa ya udongo waliyoihesabu kuwa ilisafirishia ukwaju kutoka visiwa vya Karibi. Watu wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa ladha hiyo.

Wala tusiwasahau waliochagua upande wa pili, kwani maelfu ya watumwa, hasa wa kusini, waliona kwamba ahadi ya mfalme ilikuwa karibu zaidi. Waingereza walipoondoka New York mwaka 1783 waliandika katika daftari majina ya watu weusi 3,000, wakawapeleka Nova Scotia, miongoni mwao Harry Washington aliyemtoroka Jemadari Washington mwenyewe. Huko wakapewa baridi na mawe, na mwaka 1792 wapata 1,200 kati yao walivuka bahari tena, wakaanzisha mji wa Freetown katika Sierra Leone. Ndivyo vita vile vilivyowafikisha baadhi yao Afrika.

Hukumu ya historia juu ya mambo haya ni wazi. Ushujaa wa watu weusi wa Massachusetts uliwapa baadhi yao uhuru wa mmoja mmoja, kwa mapatano na bwana huyu au yule, na uliwafanya majirani zao waone haya ya kuendelea kuwamiliki. Lakini ushujaa huo, hata uliposhuhudiwa kwa sahihi za maofisa 14, haukumlazimisha mtu kulipa. Kilicholazimisha kilikuwa dai: maombi yaliyorudishwa barazani kila yalipowekwa kando, na kesi ya mwanamke mwenye kovu mkononi aliyeyashika maneno ya mabwana na kuwataka wayatimize. Dola husifu kwa hiari yake, lakini hutenda haki inapodaiwa. Na kwa hiyo mwenye kusoma habari za vita hivi na asome, pamoja na majina ya walioanguka kilimani, jina la Elizabeth Freeman.